Tofali Haliwezi Kusubiri Shuka

Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye karatasi za kazi. Langoni, kwa watu wote wa jengo lile la ghorofa saba, aliitwa Hebu Tuone, kwa sababu hayo ndiyo maneno aliyomlaki nayo kila aingiaye na kila atokaye. Ukipita na mfuko, hebu tuone. Ukipita na boksi, hebu tuone. Siku moja mpangaji alipita amembeba mtoto mchanga ndani ya blanketi, mlinzi akanyoosha shingo.

"Ni mtoto," mama akasema.

"Sikatai," akajibu. "Ila hebu tuone."

Hakuzaliwa hivyo. Ujana wake aliutumia kwenye kiwanda cha mablanketi, akiwa mtunza stoo. Mwenzake, mtu aliyekula naye sahani moja kwa miaka sita, alikuwa akipitisha marobota kwenye dirisha la choo kidogo kidogo kama mchwa. Mambo yalipofumuka, aliyefukuzwa ni yeye, maana ufunguo ulikuwa kiunoni mwake. Alirudi nyumbani akamwambia mkewe kwamba wahenga walisema kweli, kikulacho ki nguoni mwako, na kuanzia siku hiyo akawa mtu wa kupekua nguo za kila mtu. Alipopata kazi ya ulinzi, alikuwa kama samaki aliyetiwa majini. Hatimaye analipwa kwa kushuku.

Katika wote aliowashuku, wa kwanza alikuwa dobi. Huyu alikuwa mama wa makamo, mwembamba, mikono imechakaa kwa sabuni, akifua nguo za nyumba tano mle jengoni. Watu walimwita Mama Povu. Kila jioni alitoka na furushi kichwani, kila jioni akaambiwa alitue, alifungue, aonyeshe shuka moja moja. Miaka mitatu. Hakukutwa na hata kibanio cha mtu.

"Siku utakayokuta kitu, kaka mlinzi," alimwambia wakati mmoja akifunga upya furushi lake, "utanifulia wewe."

Mlinzi hakucheka. Kwake yeye, kutokukuta kitu kulikuwa ushahidi tosha. Mwizi mjinga hukamatwa wiki ya kwanza, aliwaza. Asiyekamatwa miaka mitatu ni hodari.

Na kulikuwa na mtu mmoja ambaye hakuwahi kumwambia hebu tuone. Huyo ni msimamizi wa jengo, bwana mnene mwenye sauti laini na kamba ya funguo shingoni. Ndiye aliyemtoa mlinzi kwenye msoto na kumpa kazi, na mtu hapekui mfuko wa aliyemshika mkono. Msimamizi alipita langoni na magunia, na mabomba, na makopo ya rangi, mlinzi akamfungulia geti na kumpigia saluti.

Siku ya mkasa ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, upepo haupo. Mlinzi alikuwa kwenye kibanda chake mbele ya jengo, akimwandika mtu wa gesi kwenye daftari la matukio, aliposikia kishindo kutoka nyuma. Si kishindo kikubwa. Kilikuwa kifupi, kikavu, kama mtu amepiga ngumi mlangoni mara moja akaacha. Kisha sauti ya mwanamke ikapiga yowe kutoka juu.

Alikimbia kupitia ule ujia mwembamba wa mapipa ya taka hadi uwanja wa nyuma. Fundi saa, ambaye alipanga chumba kimoja cha chini na kufanyia kazi humo humo, alikuwa amelala kifudifudi, damu inamtoka juu ya sikio, bega moja limeshuka vibaya. Shuka jeupe la kitanda kikubwa lilikuwa limetandazika sakafuni, bichi, na fundi saa yuko nusu juu yake, nusu nje. Kando ya kichwa chake, juu ya shuka, kulikuwa na tofali jekundu lililovunjika pembe. Mlinzi alilinyanyua tofali, akaliweka pembeni, akamgeuza mtu taratibu. Bado anapumua. Akatazama juu. Kwenye roshani ya ghorofa ya saba, Mama Povu alikuwa ameinama kwenye ukingo, mikono mdomoni.

Msimamizi alitokea mlango wa ngazi, anahema, jasho linamtoka. "Nimeona kwa macho yangu," akasema kabla hajaulizwa. "Nilikuwa kwenye ngazi, dirisha la ghorofa ya nne. Yule mama amelikung'uta shuka, shuka likakumba tofali, vyote viwili vikashuka pamoja. Puu. Pamoja kabisa."

Mwenye nyumba, bibi mmoja wa miaka sabini na kitu aliyekaa ghorofa ya kwanza, alikuwa keshafika na fimbo yake. Alimgeukia mlinzi. "Na wewe umeona?"

Hapo ndipo mlinzi alipoteleza. Hakuwa ameona kitu. Alikuwa mbele na mtu wa gesi. Lakini shuka lilikuwa pale, tofali lilikuwa pale, na juu alikuwepo mwanamke ambaye kwa miaka mitatu yeye mlinzi alisubiri kumkuta na kosa. Akasema, "Ni kweli, mama. Vimeanguka pamoja."

Akaandika hivyo kwenye daftari, kwa kalamu ya wino, akatia sahihi.

Fundi saa alipelekwa hospitali. Mtulinga, ule mfupa wa juu ya kifua hadi begani, umevunjika, kichwa kimeshonwa, lakini atapona. Tatizo lilikuwa kwamba siku ile yote ilikuwa imefutika kichwani mwake. Alikumbuka Jumatatu, alikumbuka kuamka akiwa kitandani na mrija mkononi. Katikati, giza.

Mama Povu alijitetea kadiri alivyoweza. Kwenye roshani ile alikuwa na chanja ya chuma ya kuanikia nguo, na miguu ya chanja aliigandamiza kwa matofali ili isiyumbe. Matofali mawili, alisema, na yote mawili yapo. Msimamizi akasema yalikuwa matatu. Nani atabishana na msimamizi? Mama aliyepanga nyumba hiyo ya ghorofa ya saba hakuwahi kuyahesabu. Basi kabla jua halijachwea, Mama Povu alipigwa marufuku kukanyaga jengo lile, na habari zikamtangulia hadi majengo ya jirani: dobi nusura aue mtu.

Alhamisi alikuja getini kuchukua mabeseni yake. Mlinzi aliyatoa, akayapanga nje ya geti moja moja, kisha kwa mazoea akachungulia ndani ya kila beseni.

"Umemaliza?" Mama Povu akauliza.

"Nimemaliza."

"Basi na mimi nikuulize, kaka. Wewe uliona?"

Mlinzi akatazama barabara. "Nimeshaandika maelezo yangu."

"Sikuulizi ulichoandika." Alikuwa haongei kwa ukali, na hilo lilimsumbua mlinzi kuliko kama angetukanwa. "Nikwambie nilichoona mimi. Shuka liliniponyoka nikilikung'uta. Likaenda chini polepole, linazunguka. Nikamwita fundi saa, mlango wake uko wazi, nikamwambia, fundi, nisaidie niokotee hilo shuka lisikanyagwe. Akatoka. Akavuka uwanja. Akainama. Ndipo tofali likapita mbele ya uso wangu, kaka. Lilipita. Kutoka juu yangu."

"Juu yako hakuna mtu. Kuna paa. Na ufunguo wa paa ulipotea mwezi uliopita, msimamizi mwenyewe alitangaza."

"Sijui habari za ufunguo. Najua nguo." Akajitwisha beseni. "Mimi nimeangusha mashuka kabla wewe hujawa mlinzi. Tofali haliwezi kusubiri shuka njiani ili vifike pamoja. Katafute shuka, uliangushe, uone."

Akaenda zake. Mlinzi akajiambia, mfa maji haachi kutapatapa. Hata hivyo alipokaa kwenye kiti chake, lile neno lilikaa naye.

Kulikuwa na jingine. Jumatano asubuhi msimamizi alikuwa amemletea kiti kipya chenye mto, baada ya miaka miwili ya kuombwa. Alhamisi mchana akamletea chai ya maziwa na chapati mbili. Akakaa naye, akamuuliza habari za mgongo wake, kisha akasema kama mtu anayepita tu, "Lile tofali umeliweka wapi? Ni vizuri litupwe, lisije likamkumbusha fundi machungu." Tofali lilikuwa kwenye kona ya kibanda, pamoja na shuka alilolikunja na kulitia ndani ya mfuko wa nailoni. Mlinzi akajibu kwamba atalitupa. Ijumaa asubuhi alipofika kazini, tofali halikuwepo. Mfuko wa shuka ulikuwepo, haujaguswa.

Mtu aliyetapeliwa mara moja huwa na pua. Nani anaiba tofali lililovunjika pembe? Mlinzi alisimama katikati ya kibanda, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe alitazama kamba ya funguo iliyokuwa ikipita uani shingoni mwa msimamizi, akaitazama hadi ikapotea mlangoni.

Jioni hiyo alikula haraka. Mkewe alikuwa fundi cherehani, mwanamke wa maneno machache na macho mengi. Alipomaliza kuondoa vyombo alimkuta mumewe amesimama juu ya kigoda, mkono mmoja ana kijiko, mkono mwingine ana leso.

"Baba," akasema, "hicho kigoda kina mguu mbovu."

"Tulia kwanza. Tazama." Akaviachia vyote. Kijiko kililia sakafuni; leso ilikuja baadaye, ikiyumba, ikatua karibu na mlango. Akarudia mara tatu. Mara zote kijiko kilitangulia.

"Ni kwa sababu kijiko ni kizito," akasema, kama anayejituliza. "Na shuka bichi ni zito. Pengine zito kama tofali. Basi vingefika pamoja."

Mkewe aliokota leso, akaikunja, akaikunja tena, akaiviringisha ikawa kidonge kigumu, akaifunga uzi. Akampa. "Angusha sasa."

Kijiko na leso vikafika sakafuni kwa mlio mmoja.

Mlinzi akashuka kwenye kigoda. Akapanda tena, akarudia, akashuka. "Leso ni ile ile," akasema.

"Ni ile ile. Uzito haujaongezeka hata punje." Mkewe alifungua uzi, akaikunjua leso juu ya goti lake. "Ni hewa hiyo. Mimi nikikata kitambaa chepesi mezani, nikikitupa kinanirudia usoni. Kikiwa kwenye jora, nikikidondosha kinaniumiza mguu. Hewa nayo ni mlinzi kama wewe, baba. Anayepita na kibegi kidogo anamwachia aende. Anayekuja na furushi limefunguka huku na huku, anamsimamisha: hebu tuone."

Alitaka kucheka, akaacha. Alikuwa amekumbuka alivyolikuta shuka. Halikuwa kidonge. Lilikuwa limetandazika, kama mtu ametandika kitanda sakafuni. Na tofali lilikuwa wapi? Alifumba macho, akajiona anainama, anaweka vidole chini ya tofali. Chini ya vidole, kitambaa. Tofali lilikuwa juu ya shuka. Shuka, ambalo huchelewa njiani, ndilo lililokuwa limefika kwanza.

"Mama," akamwambia mkewe, "mimi nimesema uongo."

"Ulijua ni uongo?"

"Sikujua."

Mkewe akatundika leso kwenye msumari.

Jumamosi alifika mapema, akafunga mlango wa kibanda, akatoa shuka kwenye mfuko. Lilikuwa limekauka na kukakamaa. Alilikunjua sakafuni sehemu kwa sehemu, kama alivyozoea kumfanyisha Mama Povu. Karibu na pindo moja akakuta alichokuwa anakitafuta na kukiogopa: tundu. Ukubwa wa pembe ya tofali, kingo zake zimesagika, vumbi jekundu limeingia ndani ya nyuzi. Upande wa chini, kuzunguka tundu, kulikuwa na weusi wa sakafu ya uwanja. Kitambaa kilikuwa kimebanwa kati ya tofali na sakafu kikatoboka. Akatafuta tundu la pili. Akalikagua shuka lote, mara mbili, kidole kwa kidole. Lilikuwa moja tu.

Alikaa chini. Aliyemtilia shaka sasa hakuwa dobi wala mpangaji. Alijitilia shaka mwenyewe, macho yake, kalamu yake, hata saluti zake. Miaka mitatu alikuwa akifungua furushi la mtu mmoja huku magunia ya mtu mwingine yakipita yamefungwa.

Angeweza kunyamaza. Alilifikiria hilo, wala hakulifikiria kwa dakika chache. Msimamizi ndiye aliyempa kazi, ndiye angeweza kumnyang'anya. Na akikosa hapa, nani atamwajiri mzee wa miaka hamsini na minane aliyefukuzwa stoo? Siku nzima alifungua geti na kufunga. Msimamizi alipopita mara ya nne, alisimama. "Mbona leo huniangalii usoni?"

"Jua linanichoma macho, mkubwa."

"Tofali ulilitupa?"

Mlinzi alimtazama. Anauliza ili asikie nini? "Nililitupa," akasema. Akaona mabega ya yule bwana yanashuka kidogo, kama mtu aliyetua mzigo. Hapo mashaka yake yakaota mizizi. Aliyelichukua tofali alijua ni uongo, na uongo ule ndio uliomwambia kwamba hakuna atakayeuliza lilikokwenda.

Jumapili saa tatu asubuhi alipiga hodi kwa mwenye nyumba. Alimwambia kila kitu, tangu mtu wa gesi hadi tundu, na akaanza na lile la kujifunga: kwamba hakuwa ameona. Bibi alimsikiliza ameegemea fimbo.

"Kwa hiyo ulinidanganya."

"Ndiyo, mama."

"Na sasa nitajuaje kwamba hunidanganyi tena?"

"Usiniamini," mlinzi akasema. "Njoo utazame."

Wapangaji kiasi walikuwa wamekusanyika uwanjani, na Mama Povu aliitwa, akaja amejifunga khanga kiunoni, akasimama mbali na mlinzi. Ili asije mtu akasema mambo yamepangwa, mlinzi aliomba msimamizi mwenyewe ndiye apande ghorofa ya saba akaangushe. Msimamizi alicheka kidogo, akasema huu ni mchezo wa watoto, lakini bibi alimtazama tu, akapanda. Mama wa ghorofa ya saba alitoa shuka jingine lenye ukubwa ule ule, wakalilowesha na kulikamua kama Mama Povu alivyoelekeza. Tofali lilitoka kwenye chanja. Uwanja ukaachwa wazi, watu wakajibanza ukutani.

Wakasubiri. Juu, msimamizi alionekana anahangaika na kitu. Kisha akaachia.

Vitu viwili vilishuka bega kwa bega. Tofali likapiga sakafu, na papo hapo, kama mwangwi wake, shuka nalo likapiga, pwaa, maji yakaruka. Minong'ono ikaanza. "Si mnaona," sauti ya msimamizi ikashuka kutoka juu. "Pamoja. Niliwaambia."

Mama Povu alifumba macho. Mlinzi hakungoja minong'ono iishe. Akavuka uwanja, akainama. Shuka lilikuwa limeviringishwa likawa donge kubwa kama boga, limefungwa fundo kwa pindo zake.

"Sawa," akasema. "Amelifunga. Likifungwa, linashuka kama tofali, hata mimi nimeliona hilo nyumbani kwangu kwa leso. Sasa mama, tazama hili." Akatoa shuka la Jumanne, akalitandaza mbele ya bibi. "Nililikuta limetandazika hivi, na waliombeba fundi waliona. Tundu moja. Shuka likiwa donge, tofali lingetoboa mikunjo mitano, sita, na ukilikunjua ungehesabu matundu sita. Hili lina moja. Lilikuwa limelala bapa. Na ili lilale bapa, lazima lilikuja wazi."

Bibi aliinama na fimbo yake, akaingiza kidole chake kwenye tundu. "Liachieni likiwa wazi," akasema. Akamwambia mama wa ghorofa ya saba apande, ashike yeye.

Mara hii vitu viliachiwa kwa wakati mmoja, shuka limekunjuliwa, likining'inia. Watu walihesabu kwa sauti bila kuambiwa. Moja, mbili, na tofali likapiga. Shuka lilikuwa bado liko juu kwenye ghorofa ya tano, limejaa hewa, limevimba kama tumbo, linateleza kushoto, linasita, linageuka. Tatu. Nne. Tano. Sita. Likafika, likajilaza juu ya tofali na kulifunika kabisa.

Hata wale ambao hawakujua kitu waliona: Jumanne, tofali ndilo lililokuwa juu.

"Kwa hiyo shuka lilitangulia," bibi akasema polepole, kama anayesoma barua. "Likafika, likalala. Fundi akaja kuliokota. Ndipo tofali likaja, peke yake." Akanyanyua uso, akapita roshani ya saba, akaendelea kupanda. "Fungueni paa."

"Ufunguo ulipotea, mama," msimamizi akasema. Alikuwa ameshuka na sasa amesimama kwenye mlango wa ngazi.

"Basi leteni nyundo."

Walipogonga mara ya pili, msimamizi aliwaambia waache. Akaingiza mkono, si kwenye kamba ya shingoni, bali mfukoni, akatoa ufunguo. Kule juu walikuta turubai kubwa limefunika ufa wa paa, ufa ambao bibi aliamuru uzibwe tangu miezi mitatu nyuma na kuambiwa umezibwa. Saruji iliyonunuliwa kwa kazi hiyo haikuonekana. Turubai lilikuwa limegandamizwa kwa matofali makavu yaliyopangwa ukingoni, bila hata kijiko cha zege, moja baada ya jingine, na katika mstari huo palikuwa na pengo, kama jino lililong'oka.

"Sikukusudia," msimamizi akasema. Hakuna aliyemuuliza. "Nilivuta turubai linyooke. Moja likateleza. Nilipochungulia nikaona mtu yuko chini, na shuka liko chini. Nikashuka mbio. Sijui hata yale maneno yalitoka wapi."

Mlinzi alisikia maneno hayo akaona aibu kama vile yametoka kinywani mwake. Naye alikuwa na maneno yaliyotoka asijue wapi.

Msimamizi aliondoka wiki ile, na bibi alimlazimisha kwanza aende hospitali akamweleze fundi saa ana kwa ana. Fundi saa, kwa walivyosimulia, alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema alichokuwa anataka kujua ni kimoja tu, kama shuka la watu lilipona. Matofali yalishushwa, ufa ukazibwa.

Mlinzi hakufukuzwa, ingawa alishajitayarisha. Bibi alimpa adhabu nyingine: arekebishe daftari, na arekebishe mbele ya Mama Povu.

Basi Jumatatu Mama Povu aliketi kwenye kile kiti kipya chenye mto ndani ya kibanda, mlinzi amesimama, daftari liko mbele yake. Aliandika taratibu, akasoma kwa sauti: "Maelezo yangu ya Jumanne hayakuwa kweli. Niliandika kwamba shuka na tofali vilianguka pamoja. Sikujua."

"Futa hilo la mwisho," Mama Povu akasema.

"Lipi?"

"Sikujua. Andika, sikuuliza."

Akafuta. Akaandika. Mama Povu aliinuka, akatwaa mabeseni yake, akaelekea ngazi bila kuaga. Alirudishiwa kazi katika nyumba nne kati ya zile tano. Ya tano ilishachukua dobi mwingine na haikuona haja ya kumrudisha, na katika majengo ya jirani wapo waliosikia shutuma wasisikie ukweli, wakaendelea kumkwepa. Hilo mlinzi hakuweza kulifuta kwa kalamu yoyote. Alikwenda majengo mawili, akaeleza mwenyewe kwa walinzi wenzake, wakamsikiliza nusu nusu huku wakitazama magari.

Kushuku hakuacha. Msimamizi mpya alipokuja siku ya kwanza na begi kubwa, kijana nadhifu aliyezoea kupigiwa saluti, alisimamishwa getini kama mtu mwingine yeyote, akaambiwa afungue zipu. Mama Povu alikuwa anatoka na furushi lake wakati huo. Alisimama nyuma ya kijana kwenye foleni, akatua furushi chini, na alipofikiwa akaanza kulifungua fundo.

"Pita tu, dada," mlinzi akasema.

"Hapana," akajibu, akiendelea na fundo. "Tazama. Leo tazama vizuri."

Mlinzi akainama, akatazama shuka moja moja hadi la mwisho, na yeye mwenyewe akamsaidia kulifunga tena na kumtwika.